Plagi za gari la zamani lenye kabureta: namba 8 ya NGK si namba 8 ya Bosch

KAMPALA

Wauzaji wengi wa spea mjini Kampala siku hizi wanaishi kwa plagi za aina mbili: za bodaboda, na za magari ya Kijapani yenye mfumo wa EFI. Lakini bado huja mteja wa tatu. Huyu ana Datsun 240Z aliyoachiwa na baba yake, MGB iliyokaa gereji miaka mingi bila kuwashwa, au Ford Escort anayoiandaa kwa mashindano ya magari ya zamani. Injini yake ina kabureta, mara nyingi mbili, na cheche zake zinatoka kwenye pointi za distribyuta, hakuna kompyuta. Akifika kaunta anasema tu, "Nipe plagi sita." Muuzaji anampa zinazoingia kwenye tundu, mteja analipa, anaondoka.

Wiki moja baadaye anarudi na malalamiko. Akirudi na plagi nyeusi zilizojaa masizi, hasara ni ndogo. Akirudi na pistoni iliyotoboka, hapo ni ugomvi, kwa sababu pistoni ya gari la 1972 haipatikani Kisekka kila siku na huenda ikabidi iagizwe Japani au Uingereza.

Makala hii inawahusu wanaouza, wanaoagiza na wanaosafirisha plagi hizo, pamoja na wenye magari wanaopanda nayo kutoka Mombasa. Soko hili ni dogo, lakini lina mteja asiyebishana sana kuhusu bei akijua kwamba amepewa kitu sahihi.

Magari haya yametoka wapi?

Afrika Mashariki ilikuwa uwanja wa magari ya michezo kabla ya nchi nyingi za Afrika. Mashindano ya Safari yalianza 1953, na katika miaka yake ya mwanzo njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann aliyashinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1972 Hannu Mikkola alishinda kwa Ford Escort RS1600, akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kufanya hivyo. Mwaka 1973 ikawa tena zamu ya 240Z, safari hii mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Watu waliyaona magari hayo yakipita na vumbi lake, na wenye uwezo wakanunua yanayofanana nayo.

Yaliyobaki ndiyo hayo. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kwa ujumla kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Kwa hiyo mwenye gari la zamani halibadilishi, analitunza, na anahitaji spea.

Namba kwenye boksi zinasema nini

Tuchukue plagi moja inayojulikana sana, NGK BP6ES. Ndiyo inayotajwa kwa 240Z na pia kwa MGB, ingawa injini hizo mbili hazina undugu wowote. Herufi B ni unene wa nyuzi, milimita 14. Ingekuwa A ni milimita 18, D ni 12, na C ni 10, ile ya pikipiki ndogo. P maana yake kauri ya ndani imechomoza mbele kidogo ya chuma. Namba 6 ni kipimo cha joto, tutakirudia. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Ingekuwa H ni milimita 12.7. S ni plagi ya kawaida yenye kiini cha shaba. Ukiona R katikati, kama BPR6ES, ndani yake kuna rezista ya kuzuia kelele kwenye redio na kwenye vifaa vya elektroniki.

Sasa kipimo cha joto. Plagi haiongezi joto kwenye injini. Kazi ya kipimo hiki ni kueleza jinsi plagi yenyewe inavyolitoa joto kutoka kwenye ncha yake kwenda kwenye chuma cha injini. Plagi "moto" ina kauri ndefu ndani, joto linachelewa kutoka, ncha inabaki na moto. Plagi "baridi" ina kauri fupi, joto linatoka haraka. Ncha inatakiwa ifike kama nyuzi joto 450 ili ichome masizi yenyewe. Ikipita 850 hivi, inageuka kaa la moto na kuwasha petroli kabla ya cheche kuja. Hapo ndipo pistoni zinapotoboka. Hatua moja ya namba hubadilisha joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100, kwa hiyo kuruka hatua tatu si mchezo.

Na hapa ndipo wauzaji wengi wanapoteleza. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume chake: namba ikipanda plagi inakuwa moto zaidi. Tena kila kampuni ina ngazi zake. NGK BP6ES inalingana na Bosch W7DC, Champion N9YC na Denso W20EP-U. Tazama namba hizo: 6, 7, 9 na 20, zote ni plagi ya kazi ileile.

Mteja akija na Champion N9YC iliyochakaa, akaomba "namba 9", akapewa NGK BP9ES, amepewa plagi iliyo baridi kwa hatua tatu. Gari litawaka asubuhi, likifika kwenye foleni ya Jinja Road litaanza kukohoa. Hilo ni afadhali. Mwingine ana injini iliyoongezwa nguvu kwa mashindano, inatumia NGK BP8ES. Anakuta dukani hakuna, anauziwa Bosch W8DC kwa sababu "zote ni nane". W8DC inalingana na NGK BP5ES. Huyo amewekewa plagi iliyo moto kwa hatua tatu kwenye injini inayokimbia kwa nguvu zote, na anaweza asimalize siku ya kwanza ya mashindano.

Kila kampuni ina kitabu cha kulinganisha namba za wenzake. Kiwepo kaunta. Muuzaji anayesema anazijua zote kwa kichwa, mimi ningempitia mbali.

Urefu wa nyuzi usibahatishwe

Volkswagen ya mgongo wa kobe hutumia plagi ya nyuzi fupi, milimita 12.7, kama NGK B6HS. Ukifunga ndefu ya milimita 19, nyuzi zinatokeza ndani ya chumba cha moto. Zikipona kugongwa na pistoni, zitashika moto na kukusanya masizi magumu, na siku ya kuitoa plagi itang'oa nyuzi za hedi. Ukifanya kinyume, ukaweka fupi kwenye hedi ya 240Z, cheche inarukia ndani ya shimo na petroli haiungui vizuri. Kwa macho ya haraka plagi hizo mbili zinafanana na zote zinaingia. Ziweke kando kwa kando mezani kabla ya kufunga boksi.

Escort nayo ina mtego wake. Ile ya RS2000 yenye injini ya Pinto hutumia plagi ya milimita 18 yenye mkao wa koni, haina washa kabisa. Usimuulize mteja jina la gari peke yake, muulize na injini iliyomo, maana magari haya yamebadilishwa injini mara nyingi kuliko kadi zake zinavyoonyesha.

Mlima unavyoidanganya kabureta

Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Gari la EFI lina vihisio vinavyolitambua hilo na kupunguza petroli. Kabureta haina akili hiyo. Ina tundu dogo, jeti, na tundu hilo linapitisha petroli kwa kipimo kilekile lililopewa na fundi wa mwisho. Kwa hesabu ya kitabuni, kabureta iliyopimwa pwani itaendesha injini ya Kampala ikiwa na petroli ya ziada kama asilimia 6.

Msafirishaji anayeijua njia ya Mombasa, Nairobi, Nakuru, Eldoret na Malaba anajua pia kilima cha Timboroa, karibu mita 2,700. Pale petroli ya ziada inakaribia asilimia 15. Ndiyo maana gari la zamani lililoshushwa bandarini na kuendeshwa lenyewe hadi Uganda linaweza kupanda hadi Nakuru bila taabu, likaanza kufuka moshi mweusi baada ya Nakuru, likakataa kuwaka tena baada ya kupumzika Timboroa. Likishuka kuelekea Malaba linapata nafuu lenyewe, na dereva anaapa kwamba petroli ya Nakuru ilikuwa mbaya.

Mafundi wengi hapa hukimbilia plagi ya moto zaidi, kwa mfano BP5ES badala ya BP6ES. Hoja yao ina ukweli. Injini ya mwinuko inavuta hewa kidogo, nguvu zinapungua, na plagi haipati joto lote. Gari linalotembea mjini tu, kutoka Kololo hadi Ntinda na kurudi, linaweza kufaidika na hatua moja ya moto. Lakini hatua hiyo iwe moja, na ije baada ya kabureta kurekebishwa. Ukiweka plagi ya moto ili ikuchomee masizi ya kabureta iliyoharibika, umeficha ugonjwa. Siku mwenye gari atakapolikimbiza barabara ya Masaka kwenye jua la saa saba, injini itataka ile namba 6 uliyoitoa.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Anza na plagi iliyotajwa na mtengenezaji wa gari. Angalia choki kama inarudi hadi mwisho, maana choki iliyokwama nusu ndiyo hujaza masizi kuliko kitu kingine chochote. Angalia kiwango cha petroli kwenye bakuli la kabureta na usafi wa chujio la hewa. Kwa kabureta za aina ya SU, kama za MGB, na Hitachi za 240Z zilizojengwa kwa mtindo huohuo, petroli inapunguzwa kwa kuzungusha nati iliyo chini ya jeti. Weber zinataka jeti nyingine, na hiyo ni biashara nyingine kwako wewe muuzaji.

Kusoma plagi zilizotoka

Mwambie mteja alete plagi za zamani zikiwa na namba za silinda zake. Usimruhusu azitupe kwenye mfuko mmoja. Kwenye 240Z kabureta ya mbele inalisha silinda ya 1 hadi 3 na ya nyuma inalisha ya 4 hadi 6. Plagi tatu za mbele zikiwa nyeusi na tatu za nyuma zikiwa safi, hakuna plagi dukani kwako itakayomponya. Kabureta mbili hazijasawazishwa. Ikiwa moja tu imelowa mafuta ya injini, tafuta ringi za pistoni au sili ya valvu ya silinda hiyo. Masizi makavu kama ya chungu cha jikoni ni petroli nyingi. Kauri nyeupe kabisa yenye vipele vinavyong'aa ni joto la kupita kiasi, na hapo gari lisiendeshwe hadi sababu ijulikane.

Kuna jambo mafundi wakubwa kwa umri wanapaswa kuliangalia upya. Wengi walifundishwa kwamba plagi nzuri ina rangi ya kahawia kama biskuti. Rangi hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na risasi iliyokuwa ndani ya petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006. Kwa petroli ya leo, plagi yenye afya inaweza kutoka na weupe wa majivu tu, na duara jembamba la rangi chini ya kauri. Fundi anayefuata rangi ya zamani ataona weupe, atadhani petroli ni kidogo, ataongeza, na wiki ijayo plagi zitakuwa nyeusi. Ikiwa kauri ina vumbi jekundu kama kutu, mara nyingi ni dawa ya chuma au manganizi iliyochanganywa kwenye petroli, na ikiwa nyingi inaweza kupitisha umeme na kuiba cheche.

Usomaji wa maana unafanywa baada ya gari kukimbia kwa mwendo wa kawaida kilomita kadhaa, kisha kuzimwa papo hapo. Plagi iliyotolewa baada ya gari kungurumia uani dakika kumi itakuambia habari za ule mngurumo tu.

Mwanya, madini na mkono wa kufunga

MGB inataka mwanya wa milimita 0.64, na 240Z kama 0.8. Koili ya zamani inayotegemea pointi haina nguvu ya kurusha cheche mbali. Plagi za kisasa nyingine hutoka kiwandani na mwanya wa 1.1, na zikifungwa hivyohivyo gari litawaka lakini litakatakata likipandishwa mizunguko. Pima kwa fila geji, kila moja, hata kama boksi linasema imeshapimwa. Mwenye gari aliyeondoa pointi na kuweka mfumo wa elektroniki anaweza kufika karibu 1.0, na huyo auziwe yenye R.

Iridiamu? Inauzwa, na faida yake kwa muuzaji ni nzuri. Ncha yake nyembamba inahitaji umeme mdogo na inadumu sana kwenye gari la EFI. Lakini kwenye injini inayokula mafuta na kabureta isiyo na uhakika, inajaa masizi kama nyingine, na fundi akiisugua kwa brashi ya waya ameiharibu. Kwa magari haya ningeuza plagi ya kawaida ya shaba na nikeli, na seti ya pili ya akiba.

Kuhusu kufunga: hedi ya 240Z ni alumini. Plagi iingizwe kwa vidole injini ikiwa imepoa, hadi ikae. Ikiwa mpya na ina washa, spana inaongeza nusu hadi theluthi mbili za mzunguko, inatosha. Ile ya koni ni moja ya kumi na sita tu ya mzunguko. Bomba la chuma la kurefushia spana lisionekane hapo karibu.

Bandia, na mpaka

Jina likiwa kubwa, wa kuiga ni wengi. Maandishi ya "Made in Indonesia" au Thailand au Brazil peke yake si ushahidi wa ubandia, kwa kuwa NGK ina viwanda huko. Angalia kitu chenyewe. Washa ya plagi halisi haidondoki ukiitikisa. Ncha ya pembeni imekaa sawasawa juu ya ya kati. Nyuzi ni laini, na kauri haichezi ukiishika na kuizungusha. Kisha tumia mita ya umeme, kipimo cha nusu dakika: gusa juu na ncha ya kati. Plagi yenye R isome omu elfu kadhaa, karibu 5,000. Isiyo na R isome karibu sifuri. Boksi likisema BPR6ES na mita ikasema sifuri, boksi limedanganya, na mzigo wote utiliwe shaka. Fanya hivyo kwa muuzaji wa jumla kabla ya kulipa, iwe Kirinyaga Road mjini Nairobi, Kariakoo au Deira.

Kwenye forodha plagi huingia chini ya kifungu 8511.10. Wafanyabiashara wadogo wanaovuka Busia na Malaba wamezoea cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Plagi ya Japani iliyonunuliwa Nairobi haigeuki kuwa bidhaa ya Kenya kwa sababu risiti ni ya Kenya, hivyo ushuru na VAT ya Uganda, asilimia 18, vitahesabiwa. Kwa mzigo unaotoka nje ya Jumuiya, Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lina utaratibu wa kukagua ubora kabla bidhaa hazijasafirishwa; muulize wakala wako wa forodha kabla ya kulipia mzigo Dubai, usingoje ukwame mpakani.

Na ukizifungasha, acha kila plagi kwenye boksi lake na kile kikaratasi cha kukinga ncha. Anayezimwaga pamoja kwenye gunia ili kubana nafasi atafika Kampala na mianya iliyofungwa na kauri zenye nyufa ambazo jicho halizioni, na mteja wa 240Z atakuwa wa kwanza kuzigundua.